Ubao Uliosalia bila Kanuni



Mwaka 1996, huko Stanway karibu na mji wa Colchester nchini Uingereza, wachunguzi wa mambo ya kale walifukua kaburi la mtu aliyezikwa katika karne ya kwanza, siku zile Waroma walipokuwa wakikitwaa kisiwa kile. Alizikwa pamoja na vyombo vya utabibu na ubao wa mchezo. Mbao zilikuwa zimeoza, ila vyuma vya pembeni vilibaki, na mahali pa ubao kete za kioo zilikuwa zimepangwa, 13 nyeupe na 13 za buluu, kana kwamba watu wawili walianza kucheza wakaitwa kando. Wataalamu wamezitazama kete hizo miaka mingi, wala hawajakubaliana ni mchezo gani hasa, sembuse kujua ni zamu ya nani.

Waroma walicheza kila mahali, na alama za michezo yao zimechorwa katika mawe ya miji yao yote. Waliojaliwa kuhiji Yerusalemu wameonyeshwa, katika nyumba ya Watawa wa Bibi Yetu wa Sayuni, sakafu ya mawe yenye mistari iliyokwaruzwa na askari kwa ajili ya mchezo. Zamani mahujaji waliambiwa kwamba hiyo ndiyo sakafu ya Pilato inayotajwa na Yohane. Leo wachunguzi wanaiweka katika karne ya pili, wakati wa Kaisari Hadriano. Habari hiyo haipunguzi chochote katika sala ya mhujaji, na imani haina sababu ya kuogopa tarehe ya jiwe. Katika bara letu pia, huko Timgad nchini Aljeria, mji ulioanzishwa na Kaisari Trayano mnamo mwaka 100, kuna ubao uliochongwa katika jiwe la uwanja wa mji. Umetengenezwa kwa maneno sita yenye herufi sita sita, na kila herufi ni nafasi moja ya kete, jumla 36. Maneno hayo yanasema kwamba kuwinda na kuoga, kucheza na kucheka, ndiko kuishi. Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 katika Numidia hiyohiyo, na katika Maungamo yake anakumbuka jinsi alivyochapwa utotoni kwa kupenda mchezo kuliko masomo. Anaongeza, kwa ukali kidogo, kwamba watu wazima nao hucheza, ila mchezo wao huitwa kazi.

Mchezo wa Waroma uliosifiwa kuliko yote uliitwa ludus latrunculorum, yaani mchezo wa askari wadogo, au wanyang'anyi wadogo, kwa maana neno la Kilatini lina sura zote mbili. Varro, mwanachuoni aliyeishi kabla ya Kristo, alipotaka kueleza jinsi majina ya Kilatini yanavyobadilika, aliwaambia wasomaji wafikirie miraba ya ubao wa mchezo huo. Alijua kwamba kila mtu anaufahamu. Seneka anasimulia habari za Julius Canus, aliyehukumiwa kufa na Kaisari Kaligula. Askari alipokuja kumchukua alimkuta akicheza. Canus akazihesabu kete, akamwambia mwenzake asije akadanganya baadaye kwamba alishinda, kisha akamwomba askari awe shahidi kwamba yeye Canus alikuwa mbele kwa kete moja. Naye Kaisari Klaudio, aliyetawala kuanzia mwaka 41 hadi 54, alipenda michezo ya dadu hata akaandika kitabu juu yake. Kitabu hicho kimepotea.

Basi tujumlishe yaliyobaki. Tunajua kwamba latrunculi ulichezwa juu ya miraba, kwa kete za rangi mbili, bila dadu, na kwamba kete moja ilikamatwa ilipozungukwa na adui wawili. Hatuna maandiko yanayosema miraba ilikuwa mingapi, kete zilipangwaje mwanzoni, wala mchezo uliishaje. Watu waliotawala nusu ya dunia waliyojua, wenye sheria zilizoandikwa hadi leo zikifundishwa katika vyuo, hawakuona haja ya kuandika sheria ya mchezo uliochezwa na kila askari. Mtoto alijifunza kwa kumtazama baba yake, na siku ambayo watazamaji waliisha, kanuni nazo zikaisha.

Tumeyakumbuka haya kwa sababu ya kazi inayofanyika leo. Kuanzia mwaka 2018 hadi 2023, katika Chuo Kikuu cha Maastricht huko Uholanzi, kundi la wachunguzi likiongozwa na Cameron Browne lilikusanya karibu michezo 1,000 ya jadi kutoka pande zote za dunia na kuiandika katika programu ya kompyuta, au ordinatere kama tunavyosema huku kwetu. Programu hiyo inaitwa Ludii, na latrunculi umo. Kazi hiyo inatufundisha jambo moja ambalo mwanahistoria wa kawaida anaweza kulikwepa. Mwandishi wa kitabu aweza kuandika kwamba kete zilikwenda kwa namna fulani, halafu akapita. Kompyuta haikubali neno fulani. Itauliza: miraba minane au kumi? Kete iende hatua moja, au iteleze hadi ikutane na nyingine? Na ile inayoingia yenyewe katikati ya adui wawili, inakamatwa au inasalimika? Kila mahali maandiko yaliponyamaza, mtengenezaji wa programu hana budi kusema, na anaposema anatumia akili yake mwenyewe, kwa kuwa urithi umemkatikia.

Wachunguzi wana njia ya kupima akili hiyo. Wanaiachia mashine icheze yenyewe kwa yenyewe mara nyingi mno, kwa kanuni hizi na kwa kanuni zile, kisha wanatazama: je, mchezo unafikia mwisho? Anayeanza hashindi daima? Kuna nafasi ya ujuzi? Kanuni zinazoleta mchezo usioisha zinatupwa. Ni njia ya busara, na tunaiheshimu. Hata hivyo tuseme wazi kwamba inaonyesha mchezo unaowezekana, nayo haiwezi kwenda zaidi ya hapo. Mtu akivaa vizuri nguo ya marehemu, hatujui bado kama marehemu aliivaa hivyo.

Sasa turudi Maniema ya kusini, kwa maana habari hii inatuhusu kuliko inavyowahusu Waroma.

Kasongo ulikuwa mji mkubwa kabla ya kuwa na gavana au padri. Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliufanya kuwa makao yake, na baadaye mwanawe Sefu aliushika. Njia ya misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikafika Kabambare, kisha Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Livingstone alifika Kabambare, aliyoiandika Bambarre, mnamo Septemba 1869, na vidonda vya miguu vikamzuia huko kwa miezi mingi. Alifika Nyangwe Machi 1871. Tarehe 15 Julai mwaka huohuo alishuhudia watu wa msafara wakifyatua bunduki sokoni, katikati ya wanawake waliokuja na bidhaa zao. Wengi waliuawa, wengi walizama mtoni. Hatuwezi kuongea juu ya urithi wa Waungwana katika nchi hii na kuiruka siku ile.

Mwaka 1893 jeshi la Dola Huru la Kongo, likiongozwa na Francis Dhanis, lilitwaa Nyangwe mwezi Machi, na tarehe 22 Aprili likaingia Kasongo. Daktari wa jeshi hilo, Sidney Hinde, aliandika kitabu juu ya vita vile. Anastaajabia utajiri wa Kasongo: vyombo vya thamani, vitanda vya kulala vizuri, ghala za nafaka, bustani za machungwa na mapera. Katika nyumba za mji zilipatikana hata karatasi za Emin Pasha aliyeuawa mwaka uliotangulia. Mapema mwaka 1894 Kabambare pia iliangukia mikononi mwa Dola. Mji wa kale wa Kasongo uliachwa, nao leo unaitwa Tongoni. Jina lenyewe ni historia, kwa kuwa tongo katika Kiswahili ni mahame, mahali palipohamwa na watu. Katika miaka ya karibuni wachunguzi wa mambo ya kale wamefika hapo, wakapima na kuchimba, wakawasikiliza wazee.

Waandishi wa vita huhesabu pembe za ndovu, baruti na bunduki. Vitu vya namna hiyo vilikwisha: pembe zilikwenda Ulaya, bunduki zikabadili mikono. Vilivyobaki ni vile ambavyo hakuna askari awezaye kuvipora. Mpunga ulibaki, miembe ilibaki, lugha ilibaki. Kiswahili tunachosali nacho na kuandikia kurasa hizi kilikuja kwa njia ileile ya Kabambare, midomoni mwa watu ambao wengi wao walikuwa wenyewe watumwa au wana wa watumwa, nao wakajiita Waungwana.

Ndipo tunafikia mchezo wa mashimo. Pwani unaitwa bao, na ule uliokamilika kuliko yote unaitwa bao la Kiswahili: safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, ambazo kwa desturi ni mbegu za mkomwe. Kila mchezaji anatawala safu mbili. Ni mchezo wa watu wazima na wa heshima. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye Kanisa linachunguza maisha yake kwa nia ya kumtangaza mwenye heri, aliupenda na kuucheza hadi uzeeni.

Lakini tusiwape watu wa pwani kila kitu. Kusini mwetu Waluba wana kisolo, chenye safu nne za mashimo saba. Mashariki, Rwanda ina igisoro, na Uganda ina omweso, yote miwili ikiwa na safu nne za manane. Hizi ni nchi ambazo mchezo huu haukuwa mgeni aliyeshushwa na msafara. Kwa hiyo mtoto wa Kasongo anayechimba mashimo chini ya mwembe na kuokota kokoto ana mababu wa pande mbili, wale waliokuja na njia ya pwani na wale waliokuwapo kabla ya njia. Programu itakayomwambia kwamba mchezo wake ni wa Waarabu itamdanganya. Itamdanganya pia ile itakayomficha kwamba neno analolitumia limepita Nyangwe.

Tutazame sasa kompyuta ingeuliza nini juu ya bao, maana hapa ndipo penye utamu. Katika bao la Kiswahili mchezo hauanzi na kete zote ubaoni. Kila mmoja anaweka kete 6 katika nyumba yake, na 2 na 2 katika mashimo mawili ya jirani. Zilizosalia, 22, anazishika mkononi. Sehemu ya kwanza inaitwa namua: kila zamu mchezaji anaingiza kete moja. Ikiangukia shimo lenye kete, na mbele yake shimo la adui lina kete pia, anakula. Hazitoi nje. Anazichukua na kuzipanda upande wake, akianzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Kete ya mwisho ikimletea kula tena, anaendelea. Ikiangukia shimo tupu, analala, na zamu inahamia kwa mwenzake. Nyumba ina sheria zake: aliyekula, kete yake ya mwisho ikiingia nyumbani mwake, aweza kulala hapo au kuisafirisha nyumba yote. Kete za mkononi zikiisha, inaanza sehemu ya pili, mtaji. Mtu anashindwa safu yake ya mbele ikibaki tupu, au akikosa namna ya kwenda.

Watu hujifunza haya kwa kutazama, na hawaoni ugumu. Mwaka 2002 wachunguzi wawili wa Maastricht, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, waliandika namna ya kuiingiza bao katika kompyuta. Walikuwa na bahati ambayo watu wa latrunculi hawana. Katika miaka ya 1990 Mholanzi mwingine, Alex de Voogt, alikwenda Zanzibar, akakaa na mabingwa, akaandika kanuni zao kwa subira, hata zile zinazohitajika mara chache sana, na akapata udaktari wake huko Leiden mwaka 1995 kwa kazi hiyo. Kwa maneno mengine, wenye programu walikuwa na mtu aliyewauliza walio hai. Hebu tufikirie mfano mmoja. Mchezaji anaanza kupanda kete, zinazunguka, zinachukuliwa, zinapandwa tena, na zinazunguka zaidi. Je, mzunguko ukikataa kuisha? Binadamu anachoka, au wazee waliokaa kando wanacheka na kusema basi. Mashine haichoki na haina wazee. Lazima iandikiwe mapema mzunguko ukatwe wapi, na matokeo yawe ya nani. Katika Zanzibar kuna wa kuulizwa. Huko Stanway hakuna.

Na Kasongo je? Hapa tunaogopa kidogo, na tunaona ni haki kusema kwa nini. Programu za bao zinapatikana bure, na simu zenye uwezo wa kuzifungua zimefika hadi vijiji ambavyo barabara haijafika. Kijana wa Kabambare akiufungua mchezo katika simu atakuta kanuni za Zanzibar, zimeandikwa vizuri na zinahukumu bila kukosea. Akiona kwamba babu yake anapanda kete kwa mkono mwingine, au anakula mashimo mawili kwa mara moja, ya mbele na ya nyuma, kama wafanyavyo wachezaji wa omweso, atadhani babu amekosea. Hakuna mtu atakayekuwa amemkataza babu kucheza. Atakuwa tu amekosa wa kucheza naye. Kanuni moja iliyoandikwa huzifukuza kumi zisizoandikwa, na hata Kiswahili chetu kimepata kuitwa kibovu kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa kamusi na sarufi ziliandikwa kwingine.

Kuna pia habari ya wakati. Tangu vita vya mwaka 1996 watu wa Kabambare wamekimbia mara nyingi, na pande za Salamabila na Namoya, penye dhahabu, bunduki hazijanyamaza kwa muda mrefu. Mtu anayekimbia usiku hubeba mtoto, sufuria na godoro kama ana nguvu. Mchezo hubebwa kichwani mwa mzee, na mzee akifia njiani kwenye kambi ya wageni, tunaweza kuyakuta mashimo yake nyuma ya nyumba iliyoungua, yamejaa majani. Hapo tutakuwa tumelingana na Waroma: tuna ubao, tena wa udongo, usiokaa miaka 1,900 kama ule wa Timgad.

Wengine watasema kwamba mchezo ulioletwa na njia ya watumwa haustahili kuhifadhiwa. Tunalielewa neno hilo, na hatulijibu kwa haraka. Latrunculi nao ulichezwa na askari walioteketeza miji, na katika nyumba ambamo waliohudumia mezani walikuwa watumwa. Ila kwa upande wetu kuna hoja nyingine. Waliouzwa sokoni Nyangwe hawakuacha kitabu. Wengi hawakuacha hata jina. Walicholeta au walichojifunza njiani, wakawafundisha watoto wao, yaani neno, wimbo, namna ya kupika wali, namna ya kupanda kete, ndiyo maandiko yao. Tukiyatupa kwa kuwachukia waliowashika, tunawatupa wao pamoja nayo. Ndiyo maana tungependa programu yoyote itakayotengenezwa juu ya mchezo wa huku isiandike Maniema tu na kupita. Iandike mji au kijiji, mwaka, na lugha ambayo mzee alitumia kutaja shimo. Kasongo ikitofautiana na Kabambare, zote mbili ziwekwe, bila kuziyeyusha ziwe moja iliyo safi. Na mahali mzee aliposema kwamba hajui, programu iache pengo, ingawa mashine hailipendi pengo.

Kazi hiyo haihitaji kompyuta siku ya kwanza. Inahitaji daftari, kalamu, na mtu wa kukaa chini bila haraka. Amwulize mzee mashimo ni mangapi, na kwa nini mangapi hayo. Kete zinapangwaje kabla ya kuanza, au kila mtu anajipangia? Zinakwenda upande gani, na nani ana ruhusa ya kugeuza? Zinazoliwa zinatoka nje au zinarudi ubaoni? Shimo kubwa lipo, na linaitwaje? Mzunguko usioisha unakatwa na nani? Wanawake walicheza? Nani alimfundisha, na huyo aliyemfundisha alitoka wapi: upande wa mto, au upande wa ziwa?